Kwa Nini Goroli la Bunduki Hupotea Njia

Lifunge gobore kwenye gogo ili lisitikisike. Lishindilie kwa baruti ile ile, kipimo kile kile, na goroli la risasi la ukubwa ule ule, kisha lifyatuliwe mara tatu kuelekea ubao ulio mita 50 mbele. Hakuna mkono uliotetemeka wala jicho lililokosea, na upepo umetulia. Hata hivyo matundu matatu hayatakaa pamoja. Moja litakuwa shubiri moja kushoto, jingine juu kulia, la tatu huenda likaukosa ubao kabisa. Katika vijiji vya Iringa na Mbeya, ambako magobore yamelinda mahindi dhidi ya nguruwe pori na nyani kwa vizazi vingi, jambo hili halimshangazi mtu. Wengi humlaumu mpigaji, wengine huilaumu bunduki. Mimi nataka tuliulize goroli lenyewe.

Tuanze na kani zinazoligusa likishatoka mtutuni. Ya kwanza ni mvutano wa dunia, nayo huvuta chini tu, haijui kushoto wala kulia. Goroli likichukua sekunde 0.14 kufika kwenye ubao, litakuwa limeshuka takribani sentimita 10, na litashuka hivyo kila safari. Kani ya namna hiyo haitawanyi matundu. Inabaki hewa, maana baada ya mdomo wa mtutu hakuna kitu kingine kinacholigusa goroli.

Watu wengi huichukulia hewa kama kitu chepesi kisichoweza kuisumbua risasi. Tupige hesabu. Bunduki ya marisau ya kawaida huitwa namba 12 kwa sababu ya kipimo cha kale: magoroli 12 ya risasi tupu, kila moja likienea mtutu wake barabara, yana uzito wa ratili moja. Ratili ni gramu 453.6, hivyo goroli moja ni gramu 37.8. Densiti ya risasi ni gramu 11.34 kwa sentimita moja ya ujazo. Gawanya, unapata ujazo wa sentimita za ujazo 3.33, na tufe lenye ujazo huo lina kipenyo cha milimita 18.5. Hicho ndicho kipenyo cha mtutu namba 12, na tumekipata kwa mizani na kugawanya tu.

Sasa lipe goroli hilo kasi ya mita 400 kwa sekunde. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, kwa eneo la uso linaloikabili hewa na kwa densiti ya hewa yenyewe. Katika mwinuko wa Mbeya mjini, takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mita moja ya ujazo ya hewa ina kama kilo 1.03. Ukiyaweka yote pamoja unapata kani ya karibu nyutoni 19 inayolirudisha goroli nyuma, wakati uzito wake wote ni nyutoni 0.37. Hewa inalisukuma goroli kwa kani iliyo mara 50 ya uzito wake! Pwani, kule Dar es Salaam, ambako hewa ni nzito zaidi kwa karibu moja ya tano, ni mara 60 hivi. Ndiyo maana bunduki ile ile, kwa risasi ile ile, hufikisha goroli kwenye ubao kwa kasi ya kama mita 340 kwa sekunde huku nyanda za juu, na kama 330 kule pwani. Tofauti si kubwa, lakini ipo, na haitokani na chochote ila mwinuko.

Basi ikiwa hewa ina mkono mzito kiasi hicho, ikipata nafasi ya kusukuma kwa upande hata kwa sehemu ndogo ya nguvu zake, goroli litaacha njia. Nafasi hiyo inatoka wapi?

Aliyeipata kwanza kwa majaribio alikuwa Benjamin Robins, Mwingereza, mtaalamu wa hesabu, ambaye mwaka 1742 alichapisha kitabu kilichoiweka elimu ya mizinga kwenye msingi mpya. Ndiye aliyebuni pendulamu ya kupimia kasi ya risasi: unaifyatulia kwenye gogo zito linaloning'inia, unapima gogo limeyumba kiasi gani, na kutokana na tungamo la gogo na la risasi unaikokotoa kasi. Lakini jaribio lake ninalolipenda zaidi ni la mtutu uliopindwa. Alichukua bunduki akaupinda mtutu wake kidogo kuelekea kushoto karibu na mdomo, akapanga mbele yake karatasi nyembamba, moja nyuma ya nyingine. Kila mtu angetarajia risasi iende kushoto. Ikaenda kushoto kwenye karatasi za mwanzo, lakini kadiri ilivyosonga mbele ikakata kona hewani na kurudi kulia.

Maelezo yake ni haya. Mtutu ukipinda kushoto, goroli linalokwenda kasi hujibana kwenye ukuta wa kulia. Msuguano wa ukuta huo huuchelewesha upande wa kulia wa goroli huku wa kushoto ukiendelea, na hapo goroli linaanza kuzunguka. Likitoka, haliendi mbele tu, linabingirika hewani. Upande mmoja wa uso wake unakwenda kinyume na hewa inayokuja, upande wa pili unakwenda nayo. Hewa inayolipita goroli inageuziwa upande mmoja, nalo goroli linasukumwa upande wa pili. Mchezaji anayepiga mpira wa adhabu kwenye uwanja wa Sokoine, Mbeya, akaukata kwa ubavu wa kiatu hadi ukauzunguka ukuta wa mabeki, anaitumia kani hiyo hiyo. Mjerumani Gustav Magnus aliichunguza upya mwaka 1852, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake, ingawa Robins alimtangulia kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hapo tumefika kwenye kiini. Gobore lina mtutu laini, na goroli lake lazima liwe dogo kuliko mtutu, la sivyo masizi ya baruti yatalizuia lisishuke wakati wa kushindilia. Bunduki za askari wa Uingereza wa karne ya 18 zilikuwa na mtutu wa kama milimita 19 na goroli la kama milimita 17.5. Ndani ya nafasi hiyo ya milimita moja u nusu goroli hugonga ukuta huu, likaruka kuugonga ule, na mguso wa mwisho kabla ya mdomo ndio unaoamua litazunguka kuelekea wapi. Safari hii mguso ni wa kushoto, safari ijayo wa juu. Mpigaji hana namna ya kujua. Kila risasi inatoka na mhimili wake wa bahati, na hewa inaisukuma kufuatana na mhimili huo.

Huwezi kulizuia goroli lisizunguke kabisa, kwa kuwa msuguano hauepukiki. Unachoweza ni kulichagulia mhimili. Ndiyo kazi ya mifereji iliyochongwa kwa kujizungusha ndani ya mtutu. Goroli linalobanwa na mifereji hutoka likizunguka huku mhimili wake ukielekea kule kule linakokwenda. Sasa hakuna upande unaokwenda kinyume na hewa kuliko mwingine. Kushoto na kulia, juu na chini, hali ni moja, na ile kani ya upande haina pa kushika. Watu husema mifereji huipa risasi nguvu. Haiipi nguvu yoyote, tena huila kidogo kwa msuguano. Inachoipa ni mpangilio.

Mifereji ilileta jambo jingine lililobadili historia ya nyanda hizi. Tufe halina mbele wala nyuma, kwa hiyo laweza kuruka bila mifereji, vibaya lakini laweza. Risasi ndefu yenye ncha haiwezi: bila kuzungushwa kwa kasi hupinduka hewani. Ukishakuwa na mifereji, unaruhusiwa urefu, na urefu ni uzito usioongeza uso. Askari wa Wajerumani katika Afrika Mashariki walibeba bunduki ya Mauser ya mwaka 1871, yenye kipenyo cha milimita 11, iliyorusha risasi ya gramu 25 hivi. Goroli la milimita 11 lina gramu 8 tu. Uso unaoikabili hewa ni ule ule, lakini tungamo linaloubeba mwendo ni mara tatu, hivyo hewa huipunguzia risasi ndefu kasi kwa theluthi tu ya kiwango cha goroli, na kwa umbo lake hata chini ya hapo.

Wakubwa wa Ulaya walilielewa hilo barabara. Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulipiga marufuku kuingiza bunduki katika ukanda mzima wa Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji na baruti ya kawaida ya biashara. Iringa na Mbeya ziko ndani ya ukanda huo. Tazama vizuri mpaka ulichorwa wapi: si kati ya bunduki na mkuki, ni kati ya mtutu laini na mtutu wenye mifereji. Mwafrika aliweza kuachiwa goroli linalopotea njia. Lisilopotea likawa la mtawala.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Wajerumani kilichoongozwa na Emil von Zelewski kiliingia kwenye mtego wa Wahehe wapatao 3,000 huko Lugalo, mashariki ya Iringa. Von Zelewski aliuawa pamoja na sehemu kubwa ya kikosi chake, na Wahehe wakateka bunduki zipatazo 300. Silaha yao kubwa ilikuwa mkuki. Kwa mwalimu wa fizikia, Lugalo ni somo lenye thamani kubwa: faida yote ya mifereji hukaa kwenye umbali. Kwa hatua kumi goroli la gobore na risasi ya Mauser hupiga mahali pamoja, kwa sababu hewa haijapata muda wa kufanya kazi yake. Wahehe walijificha vichakani mpaka umbali ukaisha, na umbali ulipoisha faida ya mifereji nayo ikaisha. Wajerumani walijifunza. Walipoishambulia Kalenga, ngome ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, mwishoni mwa Oktoba 1894, chini ya Gavana von Schele, walikuja na mizinga wakaipiga ngome hiyo kwanza kutoka mbali.

Turudi kwenye goroli letu, kwa sababu kuna watu waliotaka faida zote mbili. Mwaka 1885 George Fosbery alisajili ubunifu ambao kampuni ya Holland & Holland ya London iliuuza kwa jina la Paradox: bunduki ya marisau yenye mtutu laini karibu wote, isipokuwa sehemu fupi ya mwisho karibu na mdomo, iliyochongwa mifereji. Kwa bunduki hiyo moja mwindaji wa Afrika au India aliweza kupiga kanga kwa marisau na nyati kwa risasi nzima. Siku hizi zipo bunduki za marisau zenye mifereji mtutu mzima, na wapo watu katika nchi zinazoruhusu ambao huzitengenezea wenyewe risasi za goroli. Swali lao ni lile la gobore: matundu yakae pamoja kwa njia gani? Jibu lote linatokana na tuliyokwisha kuyasema.

Kwanza, goroli lazima liishike mifereji. Risasi ikiuparaza mtutu tupu huchubuka na kuacha utando wa madini ndani, na ikiwa ndogo huipita mifereji bila kuzungushwa. Wazee wa bunduki za kushindilia walilifunga goroli kwa kitambaa kilichopakwa mafuta, na kitambaa ndicho kilichobanwa na mifereji. Leo kazi hiyo hufanywa na kikombe cha plastiki kinachoachana na goroli baada ya kutoka. Kikombe kikilegea, goroli huteleza ndani yake na mzunguko hupotea. Likibana kupita kiasi, au likilazimishwa kupita kwenye mtutu uliofinywa mdomoni, shinikizo hupanda na mtutu waweza kupasuka.

Pili, na hapa ndipo penye utajiri, goroli lenyewe liwe na kitovu cha uzito mahali pake. Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 za sentigredi, na inapoganda husinyaa. Nje huganda kwanza, ndani mwishoni, na kwa kuwa ujazo umepungua hubaki uwazi mdogo, kwa kawaida chini ya shingo pale ilipomiminiwa. Tuseme goroli letu lina uwazi wa milimita 4.4, ukubwa wa punje ndogo ya choroko, umbali wa milimita 7 kutoka katikati. Nusu gramu ya risasi imekosekana. Kitovu cha uzito kimesogea upande wa pili kwa milimita 0.1 hivi, unene wa karatasi.

Karatasi moja, utasema, si kitu. Lifuate goroli ndani ya mtutu. Mifereji inalizungusha kwa katikati ya umbo lake, lakini kitovu cha uzito hakipo katikati, kwa hiyo kinachora duara dogo lenye nusukipenyo cha milimita 0.1. Goroli likitoka, hakuna tena ukuta wa kukishikilia, nacho hukimbia kwa mstari ulionyooka kufuata mwendo kiliokuwa nao wakati huo. Kama mifereji hukamilisha mzunguko mmoja kwa kila sentimita 180, kwa kasi ya mita 400 goroli linazunguka mara 222 kwa sekunde. Duara lile lina mzingo wa milimita 0.63, zidisha kwa 222, unapata kasi ya upande ya milimita 140 kwa sekunde. Kwa sekunde 0.14 za safari, goroli limesogea karibu sentimita 2. Sasa weka mifereji mikali zaidi, mzunguko mmoja kwa sentimita 90, kama ilivyo kwenye bunduki nyingi za marisau za leo ambazo zimeundwa kwa risasi ndefu. Kosa lile lile linakuwa karibu sentimita 4, na kwa kuwa upande mzito waweza kutoka ukiangalia popote, matundu yatasambaa kwa sentimita 8.

Ndiyo sababu tufe lapendelea mifereji inayopinda taratibu. Halihitaji kuzuiwa lisipinduke, linahitaji mhimili tu, na mzunguko wa ziada hulipanulia kasoro zake. Na ndiyo sababu mtu makini hupima magoroli yake moja moja. Mizani ndogo kama ile ya wanunuzi wa dhahabu kule Chunya huiona nusu gramu mara moja, na goroli jepesi hurudishwa kwenye chungu. Yaliyobaki huwekwa shingo ikielekea mbele kabisa, katikati ya mtutu. Uwazi uliobaki, kama upo, unakaa juu ya mhimili wenyewe, na kitu kilicho juu ya mhimili hakirushwi upande wowote. Hapa kasoro haikuondolewa. Imepewa mahali isipoweza kudhuru, na hili naliona kuwa jambo zuri kuliko yote katika somo hili.

Kuhusu usawa wa baruti nitasema machache, kwa kuwa watu huupa uzito usiostahili. Kasi ikizidi kwa mita 20 kwa sekunde, tundu kwenye mita 50 hupanda chini ya sentimita moja, na kwenye mita 100 kama sentimita 4. Kwa umbali wa goroli, mwelekeo hukosea zaidi ya kasi. Lakini kwa usalama hesabu ni nyingine kabisa: baruti huungua haraka zaidi kadiri shinikizo linavyopanda, na shinikizo hupanda kadiri inavyoungua haraka. Kiasi kidogo cha ziada, au aina moja badala ya nyingine, hakiongezi shinikizo kidogo kidogo bali huliachia. Mtu hakisii hapo. Wanaofanya kazi hii kihalali hufuata majedwali ya viwanda vya baruti bila kubadili hata kipande kimoja.

Moshi na vumbi la risasi navyo ni sumu, hasa kwa ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Risasi haiyeyushwi jikoni, wala kwenye chombo kitakachopikiwa tena.

Nchini kwetu kutengeneza silaha au risasi bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na gobore nalo ni silaha inayohitaji leseni. Kwa hiyo walimu wenzangu wa fizikia wa Mbeya na Iringa, msilete bunduki darasani, hamuihitaji. Robins mwenyewe alithibitisha jambo hili kwa mpira uliofungwa kwenye nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja. Uachieni ubembee: mwanzoni utakwenda na kurudi kwa mstari mmoja, na kadiri nyuzi zinavyojisokotoa na mpira kuzunguka kwa kasi, utaanza kuuacha mstari huo na kwenda upande. Geuzeni msokoto, nao utakwenda upande wa pili. Gharama ya jaribio hili ni mpira na uzi, na wanafunzi wa kidato cha pili wanaweza kulifanya kwa kipindi kimoja.